Yuko, Yupo, Yumo: Silaha Wanayoisahau Wachezaji wa Simu

Tunapoijadili michezo ya simu ya kufyatua risasi, sisi walimu na wazazi huwa na swali moja tu: je, inawapotosha vijana au haiwapotoshi? Ni swali zito, na limekwisha kuandikiwa mengi. Lakini liko swali jingine ambalo vijana wenyewe huulizana kila shule zinapofungwa, nasi hulipuuza kwa kudhani kwamba halina elimu ndani yake: ushindi katika michezo hiyo hupatikanaje? Nimelichunguza swali hilo kwa makini kuliko umri wangu unavyoruhusu, na jibu nililolipata limenirudisha, kwa mshangao wangu, katika somo la sarufi.

Nitauchukua mchezo mmoja tu, PUBG Mobile, ambao wanafunzi wengi wanaufahamu hata kama hawatakubali mbele ya walimu wao. Asili yake ni kazi ya Brendan Greene, mzaliwa wa Ireland, aliyeshirikiana na kampuni ya Bluehole ya Korea Kusini kuutoa mchezo wa kompyuta mwaka 2017. Toleo la simu, lililotayarishwa na kampuni ya Tencent ya China, lilisambazwa ulimwenguni mnamo Machi 2018. Kanuni zake ni nyepesi kueleza. Watu 100 hupandishwa ndege moja, huruka kwa parachuti juu ya kisiwa, hutua mikono mitupu, kisha hujiokotea bunduki, risasi, kofia za chuma na dawa katika nyumba zilizohamwa. Wakati huohuo ukuta wa buluu huwazunguka na kuzidi kuwabana ndani ya duara linalopungua kila baada ya muda, na aliye nje ya duara huliwa uhai wake. Anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Mtu aweza kucheza peke yake, wawili wawili, au katika kikosi cha watu wanne. Mimi ninazungumzia kikosi cha wanne, kwa sababu humo ndimo penye siri ninayotaka kuifichua.

Vijana wengi huamini kwamba siri hiyo imo katika kidole. Hakuna ubishi kwamba kidole kina kazi. Bunduki iitwayo AKM hupiga teke na kupandisha mdomo juu kuliko M416, na asiyejizoeza kuivuta chini kwa kidole atapasua anga badala ya adui. Wapo wanaoshika simu kwa vidole vinne badala ya viwili ili waweze kutembea, kulenga na kufyatua kwa wakati mmoja. Wapo wanaotumia jairoskopu, kile kifaa kilichomo ndani ya simu kinachohisi mkono unapoinama, ili walenge kwa kuizungusha simu yenyewe. Mambo haya hujifunzwa kwa mazoezi, na mchezo wenyewe una uwanja wa kufanyia mazoezi hayo bila kuuawa. Ila kidole kina kikomo chake. Katika madaraja ya chini baadhi ya wale 100 si watu hata kidogo bali ni vikaragosi vinavyoendeshwa na programu, na anayeringia ushindi wa huko ni kama mkubwa anayejivunia kuwashinda chekechea mbio. Mtu akipanda madaraja hukutana na wenye vidole kama vyake, na hapo ndipo wengi hukwama mwaka mzima wakilaumu simu, intaneti na majaliwa.

Tuanze na ardhi. Kisiwa cha Erangel, ambacho ndicho ramani ya kwanza na mashuhuri zaidi, kina upana wa kilomita 8 kwa 8. Hilo ni eneo la kilomita mraba 64, bahari ikihesabiwa. Ramani ya Sanhok ni ya 4 kwa 4, yaani kilomita mraba 16. Watu ni walewale 100. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kupiga hesabu na kuona kwamba Sanhok ina msongamano mara nne zaidi, na kwa hiyo mwendo unaofaa Erangel ni kitanzi huko Sanhok. Katika Erangel mtu anaweza kutua pembeni, akajikusanyia vifaa kwa utulivu na kutafuta gari. Katika Sanhok atasikia nyayo kabla hajapata hata bastola.

Hata hivyo katika Erangel yenyewe vijana hung'ang'ania kutua Pochinki, mji ulio karibu na katikati ya ramani, au katika lile jengo kubwa la shule. Huko hutua vikosi vitano au sita kwa mpigo, na dakika ya pili nusu yao wamekwisha kurudishwa walikotoka. Anayeibuka hai huona amefanya ushujaa. Kwa kweli amecheza bahati nasibu, kwa sababu pale chini aliyekuta bunduki katika chumba cha kwanza humshinda aliyekuta sufuria. (Ingawa, kwa haki, kikaango cha mchezo huu huzuia risasi, na wako waliookolewa nacho mgongoni.) Wachezaji wa bao wa Lamu na Unguja wangelielewa jambo hili bila kufundishwa. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 22 mkononi kati ya 32 zake, na katika hatua ile ya namua huzitia moja moja, akiilinda nyumba yake na kulisoma bao kabla ya kuingia mtajini. Hakuna fundi anayeivunja nyumba yake mapema kwa sababu tu mtazamaji amepiga makofi.

Kisha liko duara. Duara jipya huchorwa daima ndani ya lile la awali, na mchezo hukuonyesha mapema litakapokuwa. Kwa hiyo anayeifungua ramani kila mara huwa anajua kesho yake kwa kiasi fulani, neema ambayo wengi wetu hatuna maishani. Mwanzoni ukuta wa buluu humla mtu polepole. Mwishoni humla upesi mno, na hakuna dawa itakayomwahi. Kikosi chenye busara huingia ndani mapema na kushika mgongo wa kilima au nyumba iliyo ukingoni mwa duara, kikawangojea wanaochelewa. Hao huja mbio wakivuka uwanja mtupu, macho yao yakiwa kwenye ramani, ukuta ukiwachapa mgongoni. Kuwapiga watu walio katika hali hiyo hakuhitaji kidole cha ajabu. Na mtu aliyejilaza nyuma ya mgongo wa kilima hutoa kichwa tu, ilhali aliye bondeni hutoa kiwiliwili kizima.

Sasa tufike kwenye mapigano yenyewe, na hapa ninawaomba walimu wa hisabati wanisogelee. Mwaka 1916, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, mmojawapo wa waanzilishi wa utengenezaji wa magari nchini mwake, alichapisha hesabu yake kuhusu nguvu ya majeshi yanayopigana kwa silaha za mbali. Aliona kwamba katika vita vya mikuki, ambapo mmoja humkabili mmoja, wingi wa watu huhesabika kama ulivyo. Lakini katika vita vya bunduki, ambapo kila mmoja aweza kumlenga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya jeshi ni kipeo cha pili cha idadi yake. Watu wanne si maradufu ya watu wawili. Ni mara nne yao, kwa kuwa 4 kwa 4 ni 16, na 2 kwa 2 ni 4.

Chukua basi vikosi viwili vya watu wanne wanne, wote wakiwa na ustadi sawa. Kikosi cha kwanza kimekaa pamoja. Cha pili kimegawanyika, wawili wako mbele na wawili wamebaki nyuma wakiokota risasi. Wale wawili wa mbele wakipigwa kwanza, kikosi cha kwanza hubaki na nguvu ya 16 kutoa 4, yaani 12. Wakija wale wawili wa nyuma kuwasaidia wenzao, 12 kutoa 4 hubaki 8. Kipeuo cha pili cha 8 ni 2.8. Kikosi kilichokaa pamoja kimewamaliza wanne na kubaki na karibu watu watatu, ingawa kila mmoja wao hakuwa hodari kuliko adui yake. Hesabu hii ni ya karatasini, na uwanjani kuna miti, milima na mikono inayotetemeka. Lakini ninayo hakika kwamba mechi nyingi ambazo vijana huzipoteza na kusingizia simu zilipotea kwa hesabu hii.

Iko zao jingine la hesabu hiyohiyo. Mchezaji aliyebakiwa na nusu ya uhai hufyatua risasi kali kama aliye mzima. Kwa hiyo wanne wakimlenga kila mtu adui wake, na kila adui akajeruhiwa nusu, hakuna bunduki hata moja iliyonyamaza upande wa pili. Lakini wanne hao wakimlenga adui mmoja, huanguka mara moja, na tayari hesabu imekuwa 16 kwa 9. Kila mwenye kufikiri ataona umuhimu wa kulenga pamoja. Swali ni hili: watu wanne waliokaa katika nyumba nne tofauti, kila mmoja akitazama kioo chake, watajuaje kwamba wanamlenga mtu yuleyule?

Watajua kwa kuambiana. Hakuna njia nyingine. Na hapa ndipo kidole kinapouachia ulimi kazi.

Likizo iliyopita nilimsikiliza mpwa wangu akicheza na wenziwe watatu, mmoja akiwa Mombasa, mwingine Kisumu, mwingine Nakuru. Walikuwa wamebaki wanne wao dhidi ya watatu. Kwa hesabu ya Lanchester walikuwa na nguvu takriban maradufu. Yule wa Kisumu akawaona maadui kwanza, akapaza sauti: "Wako hapo! Hapo! Hapo kwa mti! Oya, hapo!" Mpwa wangu akageuka kulia. Wa Mombasa akageuka nyuma. Wa Nakuru akauliza, "Wapi?", naye akajibiwa, "Si hapo!" Muda huo wote ulikuwa wa maadui, na waliutumia vizuri. Walianguka mmoja mmoja, kila mmoja akiwa ameelekea upande wake. Kisha wakaanza kulaumiana, na katika lawama hizo, nilivyoona, Kiswahili chao kilikuwa fasaha zaidi kuliko wakati wa vita.

Msomaji ambaye ni mwalimu wa Kiswahili amekwisha kuiona kasoro. Lugha yetu ina viashiria vya mahali vya ngazi tatu. "Hapa" ni karibu na msemaji. "Hapo" ni karibu na msikilizaji, au mahali palipokwisha kutajwa. "Pale" ni mbali na wote wawili. Kwa hiyo msikilizaji anayeijua sarufi yake akiambiwa "wako hapo" atatazama miguuni pake mwenyewe, wakati adui yuko mita mia mbili mbele. Yule kijana wa Mombasa aliyegeuka nyuma hakukosea. Alitii kanuni. Aliyemwambia ndiye aliyeivunja.

Lakini utajiri wenyewe umo katika mizizi ile midogo ambayo tunaifundisha kila mwaka na wanafunzi kuisahau kila mwaka: -ko, -po na -mo. "Yuko" ni mahali pasipo dhahiri. "Yupo" ni mahali mahususi. "Yumo" ni ndani. Mwanafunzi huyakariri haya kwa ajili ya mtihani, akaandika "kisu kimo kabatini", akapata alama yake, kisha akatoka nje na kusema "iko" kwa kila kitu, kuanzia kisu hadi nyanya yake. Sasa na atazame mizizi hiyo inavyofanya kazi uwanjani. "Wako upande wa shule" humwambia mwenzako kwamba umesikia milio, hujaona mtu, asifyatue bali ajihadhari. "Wapo nyuma ya mwamba" humwambia kwamba umewaona kwa macho, mahali ni hapo na si pengine, alenge. "Wamo ghalani" humwambia kwamba hawawezi kuonekana kutoka nje, bunduki ya darubini haina kazi, atayarishe guruneti. Silabi moja imebeba habari tatu: wewe umejuaje, wao wamejificha vipi, na mwenzako ashike silaha gani. Sijui kama waliotutungia sarufi hii waliwahi kuzingirwa ghalani, lakini lau wangalizingirwa wasingalitutengenezea chombo bora zaidi.

Nyakati za vitenzi nazo zina uhai wa watu mikononi. "Wapo ghorofani" si sawa na "walikuwapo ghorofani". Mchezaji aliyewaona maadui dakika moja iliyopita akasema "wapo", huwa ametoa habari ya uongo bila kukusudia, na mwenziwe huipanda ngazi akilenga dirisha tupu huku akipigwa kutoka uani. "Wanahama" na "wamehama" vilevile hutofautiana: wa kwanza bado wako njiani, wazi, wapigwe sasa, wa pili wamekwisha kufika penye kinga.

Kosa baya kuliko yote ni la kitenzi "kuua". Katika mchezo wa vikosi, mtu akipigwa uhai wake ukaisha hafi papo hapo, iwapo mwenziwe bado amesimama. Huanguka, akawa anatambaa, na mwenziwe akimfikia humwinua katika muda wa sekunde kumi hivi. Vijana wetu humwangusha adui na kupiga kelele, "Nimemuua!" Wenzake husikia, hupiga hesabu kwamba wamebaki wawili, hukimbia mbele, na kukuta watatu waliosimama wima. Angesema "nimemwangusha", wangejua kwamba wana sekunde kumi za kusonga mbele au za kutupa guruneti penye majeruhi, maana mwenziwe lazima ajongee hapo. Na kuna elimu nyingine imo humo: adui akipigwa akatoweka mara moja na kuacha sanduku la vifaa vyake, bila kutambaa, basi yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kusimama katika kikosi chake. Hakuna mwenziwe wa kumwogopa pale. Anayeliona hilo akalisema, "Kikosi kimekwisha", huwapa wenzake ruhusa ya kutoka nyuma ya miti. Anayelinyamazia huwaacha wamejilaza wakiviogopa vivuli.

Msemaji mzuri hutanguliza idadi, akafuatisha upande, umbali, alama, na kile ambacho adui anakifanya. Juu ya kioo cha mchezo huu kuna dira yenye digrii kuanzia sifuri hadi 360. "Wawili, mbili nne sifuri, mita mia, wapo nyuma ya gari, mmoja amlaza mwenziwe kumtibu." Sentensi hiyo yasemeka kwa pumzi moja. Kushoto na kulia havifai, kwa kuwa kushoto kwangu ni kulia kwako tukiwa tumeelekeana. Hata dira ina mipaka yake, nami ningependa walimu waitumie darasani. Adui akiwa mita 200 mbele yangu moja kwa moja, na wewe ukiwa mita 100 ubavuni mwangu, dira yako na yangu zitatofautiana kwa takriban digrii 27. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye jedwali la tanjenti aweza kuhakikisha. Ndiyo sababu digrii pekee hazitoshi, sharti pawe na alama: mwamba, gari, mti uliokauka. Mchezo pia humruhusu mtu kutia alama katika ramani ambayo wenziwe wote huiona. Ni ajabu jinsi inavyotumika mara chache.

Nimekwisha kusikia pingamizi. Vijana husema kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa shughuli za haraka, na kwamba "two-forty" ni silabi tatu ilhali "mia mbili na arobaini" ni msafara. Ni kweli. Lakini marubani ulimwenguni husoma digrii za mwelekeo tarakimu moja moja, na hakuna ndege iliyoanguka kwa sababu hiyo. "Mbili nne sifuri" ni silabi nane. "Hapo! Hapo! Hapo!" ni silabi sita ambazo hazijamwambia mtu lolote. Wala simkatazi mtu Sheng yake. Ninachodai ni kwamba kikosi kiwe na maneno yaliyokubaliwa kabla ya ndege kuruka, kila neno na maana moja. Kikosi kikiafikiana kwamba "kibanda" ni nyumba ya chumba kimoja na "ghorofa" ni yenye ngazi, hakitabishana tena mbele ya risasi.

Kuna pia elimu ya kunyamaza, na hiyo ni ngumu kwa vijana kuliko ya kusema. Wachezaji waliokwisha kufa hubaki wakitazama kupitia macho ya wenzao waliosalia, na hapo ndipo huwa wasemaji hodari kabisa. "Mpige! Tupa bomu! Geuka! Kunywa dawa!" Yule aliyesalia peke yake dhidi ya wawili anahitaji masikio yake kuliko anavyohitaji ushauri, kwa maana nyayo za adui husikika kabla adui hajaonekana, na ile ramani ndogo ya pembeni huonyesha alama za nyayo na milio ya bunduki kwa anayepata nafasi ya kuitazama. Kikosi kizuri huwa na kiongozi mmoja wa kuamua, na marehemu hunyamaza hadi waulizwe. Nimeona vikao vya wazee ambavyo vingefaidika na kanuni hiyo.

Sisemi haya ili kuwapelekea wanafunzi simu. Katika shule zetu za bweni simu haziruhusiwi, na sina ugomvi na katazo hilo. Mechi moja ya Erangel huchukua nusu saa hivi, na hakuna anayecheza moja. Bando la data lina gharama, na mavazi ya kidijitali yanayouzwa humo yana gharama kubwa zaidi bila kuongeza shabaha hata kidogo. Mzazi anayeona fedha zake zikigeuka kuwa koti la mwanasesere ana haki ya kukasirika. Wala silipuuzi jambo la umwagaji wa damu, hata kama ni damu ya picha. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023, ambapo mchezo huu uliwaniwa kwa medali, waandaaji walitumia toleo maalumu ambalo wachezaji walilenga shabaha badala ya kulengana. Wao wenyewe waliliona tatizo.

Ninachosema kwa walimu wenzangu ni kwamba liko hitaji ambalo hatukuliumba sisi. Miaka mingi tumewaambia wanafunzi kwamba usahihi wa lugha ni muhimu, nao wametutazama kwa upole wa watu wanaosubiri kengele. Hatukuwa na mfano ambao kosa la kiashiria humgharimu mtu kitu anachokithamini kabla hajamaliza sentensi. Sasa tunao. Mtaala wenyewe unatuagiza tufunze kusikiliza na kuzungumza, na mara nyingi tunapitia hapo upesi ili tuwahi insha.

Zoezi lenyewe halihitaji simu wala umeme. Wanafunzi wawili huketi wakipeana migongo. Mmoja hupewa mchoro wenye mto, daraja, nyumba tatu, kilima na dira, pamoja na watu waliotiwa ndani ya nyumba moja, nyuma ya nyingine na mahali fulani pasipojulikana ng'ambo ya mto. Mwingine hupewa karatasi tupu na penseli. Wa kwanza hueleza kwa dakika mbili, wa pili huchora bila kuuliza, kisha michoro huwekwa pamoja mezani. Nimelifanya na darasa moja la kidato cha kwanza. Jozi iliyotumia "hapo" mara nyingi zaidi ilichora nyumba mbili katikati ya mto na kumwacha mtu mmoja akining'inia angani juu ya daraja. Jozi iliyofanya vyema ilikuwa ya wasichana wawili ambao hawajawahi kuucheza mchezo wowote wa risasi. Mmoja wao alisema, "Watatu wamo, mmoja yupo mlangoni, wengine wako ng'ambo, sijui wangapi", na mwenziwe akachora hivyohivyo, akitia alama ya kuuliza ng'ambo ya mto. Wavulana wa nyuma, ambao hadi wakati huo walikuwa wakicheka, waliuliza kama wasichana hao wana akaunti.